Mzigo wa Kahawa Uliofunguliwa Nshambya

Niliondoka nyumbani Muleba kwenda Bukoba kwa sababu mdogo wangu Kokushubila alikuwa anasafiri mbali zaidi, na mwanamke mwingine alikuwa amejiandaa kumuaga kama mama yake. Hiyo ndiyo sababu ya kweli. Majirani niliwaambia kwamba napeleka magamba ya migomba.

Magamba nayo yalikuwepo. Koku alikuwa amemaliza shahada yake ya kwanza ya kemia Dar es Salaam, akapata nafasi ya kuendelea na utafiti. Kazi yenyewe, kwa jinsi nilivyoielewa wakati ule, ilikuwa kutafuta plastiki inayotokana na mimea, ambayo ukiitupa inaoza kama ganda la ndizi. Profesa atakayemsimamia alimwambia aende na magamba makavu ya mgomba kutoka shamba analolijua mwenyewe, shamba ambalo halijawahi kutiwa dawa ya wadudu. Kibanja chetu, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hakijawahi kutiwa dawa. Baba hakuitaka alipokuwa hai, na baada yake mimi sikuwa na uwezo wa kuinunua.

Ujumbe uliletwa na dereva aliyepita sokoni. Haukutoka kwa Koku mwenyewe. Ulitoka kwa Mwalimu Leokadia, ambaye Koku alikaa kwake Bukoba miaka yote ya sekondari. Ulisema hivi: "Mwambieni Adela alete magamba ya mtoto kabla ya meli ya Alhamisi."

Magamba ya mtoto. Nilirudia maneno hayo nikipalilia, nikimenya ndizi, nikifua. Mtoto wa nani?

Niwakumbushe ninyi wa nyumbani, hasa mliozaliwa baadaye. Baba alikwenda vitani na mgambo wakati wa vita vya Amini, akarudi mzima. Kisha akaanza kuvuka mpaka kufuata vitambaa Uganda. Alirudi na redio, alirudi na baiskeli, halafu akaanza kukonda. Ulikuwa UKIMWI, ila wakati huo bado watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizotoka hukohuko. Mama alimfuata. Wote wawili wamelala nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Mimi nilikuwa nimefaulu darasa la saba na nafasi ya sekondari nilikuwa nimeipata. Sare yangu ilikuwa kwa fundi. Sikwenda kuichukua. Koku alikuwa darasa la pili, na mtu alipaswa kubaki na jembe.

Mwalimu Leokadia alikuwa anafundisha shule yetu. Koku alipokaribia kumaliza darasa la saba, Mwalimu alihamishiwa mjini, akaja kuniomba amchukue. Alikaa kwenye mkeka wetu, akasema mtoto ana kichwa kisichopaswa kupotea. Nilisema sawa. Nilisema sawa kwa mdomo, na tangu siku ile nimekuwa nikimhesabu Mwalimu kama mtu aliyeazima kitu.

Sasa, katika ukoo wetu anayekwenda safari ndefu hupewa kahawa za kutafuna na mkubwa wa nyumba. Ndizo akamwani, punje zinazochumwa kabla hazijaiva, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa, kisha zikafungwa ndani ya tabaka nyingi za magamba ya mgomba. Mzigo unakuwa mrefu na mnene kama mguu wa ng'ombe. Ukishafunguliwa haufungwi tena, na aliyeufungua anatoa kahawa palepale. Na wa kwanza kupewa si msafiri. Ni mwenye sakafu ambayo mzigo umefunguliwa juu yake, kwa maana akiitafuna anakuwa mtu wa nyumba yenu. Ndiyo maana sisi tunaufungulia kwetu, juu ya majani mabichi tuliyotandika, mbele ya watu wetu.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningefika Bukoba Jumanne, nikabidhi magamba, nirudi na Koku nyumbani, nimpe kahawa kwenye sakafu ya baba yake, na Alhamisi arudi kupanda meli. Mzigo wa kahawa niliubeba ili auone na asiwe na la kujibu. Mwalimu, niliyesikia amemwandalia sherehe ya kuaga, angebaki na soda zake.

Jumatatu, siku moja kabla ya kuondoka, Shangazi Paskazia alikuja kukagua. Yeye ni dada wa baba, na hakuna kitu kinachotoka katika ukoo bila yeye kukishika. Aliinua magamba yaliyokusudiwa kwa profesa, akayageuza juani.

"Haya ndiyo unayompelekea huyo mkubwa wa chuo? Yamepauka hivi?"

"Ndivyo alivyoomba, Shangazi. Makavu."

"Makavu si kupauka. Atauliza mtoto ametoka kwa watu wa namna gani."

"Na kabla ya profesa," nilisema, "Mwalimu atayaona."

Shangazi alinitazama. "Ahaa. Basi lete samli."

Tuliketi uani tukayapaka moja moja, kama tunavyofanya na kamba za kufungia vitu vya posa, kwa kuwa kwetu zawadi haitoki nyumbani ikiwa imechoka. Tuliyasugua hadi yakawa laini na kung'aa kama ngozi ya kiatu kipya. Mzigo wa kahawa hatukuugusa. Samli ikikaribia kahawa inaiharibu harufu. Nililala nikiwa na furaha mbaya, nikifikiria uso wa Mwalimu.

Jumanne asubuhi nilipata nafasi mbele, ndani ya lori la Masanja. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki, Msukuma, anayenunua kwa wavuvi wa visiwani na kupeleka mjini. Magamba yaliwekwa nyuma ya kiti. Kahawa niliipakata.

"Huo mwingine nao weka nyuma, mama, upumzike," alisema.

"Nyuma kuna samaki. Utanuka."

"Samaki wangu hawanuki. Wanajitangaza tu."

Nilimweleza ninakokwenda na ninachobeba. Alicheka mpaka lori likayumba. "Ninyi Wahaya! Watoto mmewasomesha wameisha, sasa mnasomesha na migomba?"

Barabara ilikuwa kavu na vumbi jekundu lilikuwa limefunika majani ya kahawa pande zote mbili. Tulipita nyumba ambazo migomba imeingia hadi mlangoni na mlango umepigiliwa mbao. Nyingine nilizijua kwa majina ya wenyewe. Karibu na Muhutwe fundi seremala alikuwa anaranda mbao za jeneza kando ya barabara huku akizungumza na wateja, na Masanja alimpigia honi, wakapungiana mikono.

Muhutwe tulisimama. Wanawake walikuja kununua dagaa, na Masanja aliwapimia ndani ya mifuko myepesi ya nailoni. Ilikuwa bado mipya kwetu miaka ile, na watu waliifua na kuianika. Lakini tayari niliiona mingine imenasa kwenye miiba ya uzio, imechanika, inapiga kelele kwa upepo. Nikamwambia Masanja kwamba mdogo wangu anakwenda kutengeneza mfuko unaooza.

"Uoze? Nikitia dagaa uniozee njiani?"

"Uoze ukishatupwa."

"Na wenyewe utajuaje kwamba umeshatupwa?"

Niligeuza uso dirishani. Koku angelijibu hilo bila kupepesa macho, nikawaza, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha kuhesabu kwa punje za maharage. Hilo ndilo lililokuwa likinila siku zote. Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na kila alipopanda darasa nilifurahi mbele za watu, kisha nikaenda shambani kupiga jembe kwa nguvu kuliko udongo ulivyohitaji.

Kemondo tuliliona ziwa. Hapo ndipo, wakati wa vita, nilipomwona baba akiondoka, akiwa bado mnene. Alikuwa amesimama juu ya lori pamoja na wenzake wa mgambo, wanaelekea kaskazini, na watu waliokimbia mabomu walikuwa wanakuja kusini na magodoro vichwani. Mama alikuwa amembeba Koku mgongoni. Baba aliniambia kwa sauti, juu ya kelele zote, "Adela, wewe ndiye mkubwa!" Nilijivuna sana. Nilidhani amenipa zawadi.

Mchana Masanja alinishusha Bilele, mjini Bukoba. Alikuwa mzuri wa moyo, akanisaidia kujitwisha magamba. "Kesho asubuhi nitakuwa hapahapa narudi," alisema. "Mwambie mdogo wako nasubiri jibu langu."

Nilipanda kwa miguu hadi Nshambya. Nyumba ya Mwalimu Leokadia nilikuwa naijua kwa kusimuliwa tu. Ilikuwa ya bati, yenye baraza, na sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa rangi ya mng'aro hadi nikaona miguu yangu yenye vumbi ikinijia kutoka chini. Vitambaa vya kufuma vilikuwa juu ya kila kiti. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Koku akiwa amevaa joho, na kando yake Mwalimu ameshika maua. Picha hiyo sikuwahi kuiona. Sikuwahi hata kujua kwamba ilipigwa.

"Mama! Mama, Dada amefika!" Koku alipiga kelele kutoka ndani.

Alikuwa anamwita Mwalimu. Mama. Alilisema kama mtu anavyosema maji.

Alitoka mbio akanikumbatia pamoja na mzigo wangu wa kahawa katikati yetu. Ana kicheko cha marehemu mama, kilekile, kinachoanza puani. Nilikuwa nimekisahau.

Mwalimu alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa amezeeka, lakini mgongo wake ulikuwa bado umenyooka kama wa mtu aliyesimama mbele ya darasa. Tulisalimiana Kihaya kwa adabu zote, tukauliziana habari za watu wote.

"Karibu waitu, Ma Adela. Karibu kiti. Umekuja na samaki?"

"Nimekuja kwa lori la samaki."

"Ndiyo nasikia," alisema, akafungua dirisha.

Nilimwekea hilo moyoni.

Kabla sijamaliza chai, Koku alishika mkono wangu. "Dada, kuna neno. Safari ya meli imebadilishwa. Haisubiri Alhamisi, inaondoka leo jioni. Mama alituma mtu jana aje akuambie."

"Hatukuonana naye," nilisema.

"Labda mlipishana," alisema Mwalimu. "Nimevunja hata shughuli niliyomwandalia. Baba Paroko alikuwa aje, wanakwaya walikuwa waje. Nimewarudisha wote."

Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tumenyimwa. Kwa muda mfupi nilikaribia kumwonea huruma. Kisha nikatazama mzigo wa kahawa mapajani mwangu na kubadilisha mpango. Ningempa Koku kahawa bandarini, mahali ambapo sakafu si ya mtu. Mwalimu angeweza kusimama na kutazama kama abiria wengine.

"Huo ni wa kahawa?" Mwalimu aliuliza. Yeye ni mwenyeji wa hapa, mila anazijua.

"Ndiyo."

"Utaufungulia wapi?"

"Bandarini."

Alitikisa kichwa polepole. "Bandarini," alisema, na akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Koku hakutusikiliza. Alikuwa amepiga magoti sakafuni anafungua magamba ya profesa. Alilishika la kwanza, akalinusa. Alipitisha kidole juu yake, akakitazama kidole. Nilisubiri sifa.

"Dada. Mmepaka nini?"

"Samli. Ile nzuri, ya Shangazi. Tumesugua siku nzima."

Alianza kucheka, kile kicheko cha mama, halafu katikati kikageuka, akaziba uso kwa mikono. Mwalimu aliweka vikombe chini.

"Koku, nini?" niliuliza. "Si yanang'aa?"

"Yanang'aa, Dada." Alivuta pumzi, akakaa sakafuni akinitazama kwa chini kama zamani. "Nisikilize. Kitu chochote kama plastiki ni minyororo, sawa? Vipande vidogo sana vimeshikana mkono, maelfu kwa maelfu, mstari mrefu. Mfuko wa nailoni minyororo yake imetokana na mafuta ya ardhini, na wadudu wa udongoni hawana meno ya kuikata. Mgomba nao una minyororo, ndiyo inayofanya kamba yake iwe kamba. Lakini hiyo udongo unaijua, umeila tangu zamani. Mimi kazi yangu ni kuitoa kwenye gamba na kuifanya iwe mfuko, halafu nipime udongo unaikata kwa muda gani. Sasa haya yamelowa samli. Nikiyapima nitapima samli."

"Huwezi kuyaosha?"

"Labda naweza. Lakini profesa amesema yasiyoguswa. Ameniweka kwenye nafasi hii kwa sababu nilimwambia, mimi ninalo shamba ambalo halijatiwa kitu. Kuna mwenzangu anaisubiri nafasi hiyohiyo. Siwezi kufika siku ya kwanza na neno labda."

Nilikuwa nimepanda na mzigo huo mlima wote wa Nshambya nikifikiria uso wa Mwalimu, na sasa niliogopa kuutazama.

Lakini Mwalimu hakunicheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alivua aproni na kusema, "Usilie. Hapo Nyanga kwa binamu yangu kuna migomba tele. Namtuma mtu kwa baiskeli sasa hivi, atarudi kabla ya meli."

"Shamba lake limetiwa dawa?" Koku aliuliza.

"Zamani kidogo. Wakati wa wale wadudu. Si nyingi."

Koku alilirudisha gamba kwenye fungu. Kisha alisema kwa Kiswahili cha shule, sauti ndogo, "Itabidi."

Basi ikawa hivyo. Koku angekwenda kwa profesa na migomba ya Mwalimu, aseme ni ya kwao. Kitu kimoja tu alichoniomba katika masomo yake yote, kitu kimoja ambacho mimi ninacho na Mwalimu hana, nacho kingetoka kwa binamu wa Mwalimu. Mwalimu alikuwa tayari mlangoni anamwita mtu wa jirani. Nawaambia ukweli, si huruma iliyonifumbua macho wakati ule. Ni wivu.

Nilitazama mzigo wa kahawa. Magamba tabaka juu ya tabaka, makavu, yamepauka, hayajaguswa na samli hata tone. Tena nilikuwa nimeyachuna kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, ile iliyo karibu na makaburi.

"Mwalimu," nilisema. "Mwite arudi huyo wa baiskeli."

Koku aliona ninachotazama. Akaelewa upesi kuliko mimi. "Dada, hapana. Ukiufungua hapa..."

"Najua nikiufungua hapa."

"Subiri basi tuufungulie bandarini."

"Bandarini kwenye upepo na watu wanakanyagana, utakusanya magamba yako wapi? Yalowe maji ya ziwa? Lete kitambaa safi."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia wala hakutoka. Nilimwambia, "Mwalimu, keti. Ni sakafu yako."

"Adela, si lazima," alisema. Hakuniita Ma Adela. "Nitatoka nje. Nitasimama barazani mpaka mmalize."

Wazo hilo lilinipendeza, sitaficha. Nilikaa nalo kidogo. Kisha nikajua kwamba mzigo uliofunguliwa kwa hila ungekuwa kama magamba yale mengine, yanang'aa tu.

"Keti," nilisema tena.

Aliketi chini, siyo kitini, kwenye saruji yake nyekundu. Nilikata kamba na kutandua tabaka la kwanza, la pili, na mengine, na Koku aliyapokea kwa kitambaa kama anapokea mtoto. Harufu ilijaa chumbani ikafukuza ya samaki. Punje zilipotokea nilizichota kwa mkono wa kulia. Nilimnyooshea Mwalimu Leokadia.

Hakuchukua mara moja. "Nikuambie kitu kabla sijatafuna," alisema. "Kidato cha pili alipata malaria kali. Homa ikimpanda alikuwa anakuita wewe. Mimi nimeshika beseni, nimekesha, na yeye anaita Dada, Dada Adela. Nilikuchukia wiki nzima."

"Wiki tu?" nilisema.

Alifikiri. "Hata muhula."

Koku alipasuka kicheko, na Mwalimu alichukua kahawa akatafuna. Nilimpa Koku, nikamwambia maneno ambayo baba angemwambia, aende salama na arudi kwa miguu yake. Kisha nilitafuna ya kwangu. Ilikuwa chungu kidogo. Nilikuwa nimezidisha moto.

Jioni, jua likiwa nyuma yetu na bado linamulika maji, tulimsindikiza bandarini. Kisiwa cha Musira kilikuwa wazi kabisa. Magamba yalikuwa kwenye sanduku lake, yamefungwa kwenye kitambaa kimoja cha kufuma cha Mwalimu, na hilo nalo lilinikera. Nilimuuliza lile swali la Masanja, mfuko utajuaje kwamba umetupwa.

"Alisema hivyo?" Koku alisimama katikati ya watu. "Dada, hilo ndilo swali lenyewe. Nitahangaika nalo labda mwaka mzima. Mwambie sina jibu bado."

Nilishangaa jinsi nilivyofarijika kusikia kwamba hana jibu.

Koku alitugawia kazi, mimi na Mwalimu, kila mmoja kwa wakati wake. Mimi aliniambia nifukie kibanjani mfuko wa nailoni pamoja na gamba la mgomba, kando kwa kando, nisiviguse mpaka mvua za masika ziishe. Mwalimu sikusikia aliambiwa nini, kwa kuwa alimnong'oneza. Kengele ilipolia alimkumbatia Mwalimu kwanza. Nililiona hilo. Kisha alinikumbatia mimi, na mimi alinishika kwa muda mrefu zaidi. Nilipima.

Nililala Nshambya, kwenye kitanda cha Koku. Jumatano asubuhi Mwalimu alinifungashia mkate, sukari na sabuni katika mfuko mpya wa nailoni wenye picha ya tausi. "Vya Shangazi yako," alisema, "mwambie kwa ajili ya samli." Masanja alinisubiri Bilele kama alivyoahidi. Nilipompa majibu alipiga usukani kwa kiganja. "Hata chuo kikuu hawajui? Basi mimi nilistahili kusoma!"

"Hata mimi," nilisema. Nilikuwa sijawahi kulitamka hilo mbele ya mtu. Masanja hakucheka. Tulipolipita ziwa pale Kemondo nilijikuta namsimulia habari za sare iliyobaki kwa fundi.

Nyumbani nilifukia mfuko wa tausi na gamba moja nyuma ya nyumba, nikaweka jiwe juu.

Masika yalipokwisha, Mwalimu Leokadia alitokea uani kwangu, amevaa viatu vyake vizuri vimejaa tope hadi kifundoni. Nilitandika majani mabichi, nikampa kahawa, naye hakuwa mgeni tena wa kuogopwa. Kumbe Koku alikuwa amemnong'oneza aje kushuhudia ninapofukua.

"Anatupa kazi ya nyumbani sisi watu wazima," alisema.

"Wewe ndiye uliyemfundisha."

Tulifukua pamoja. Gamba sikulipata. Palikuwa na udongo mweusi tu na mnyoo mmoja, na sikuweza kusema gamba lilikuwa linaanzia wapi. Mfuko ulitoka mzima. Mwalimu aliukung'uta, na tausi alikuwa bado na manyoya yake yote, kijani na buluu, kama alivyotoka dukani.

Watu huniuliza safari ile ilinifunza nini. Nawaambia habari za minyororo, nao hufurahi. Lakini nilijifunza na hili pia: wivu wangu hauozi. Nilidhani ungeisha siku nilipomnyooshea Mwalimu kahawa, na haukuisha. Ninachoweza ni kujua nimeuweka wapi, na kuendelea kulima juu yake.

"Nitamwandikia leo hii nikirudi," alisema Mwalimu akifuta mikono. "Atataka kujua."

"Utafika Bukoba jioni," nilisema. "Barua yako itaondoka kesho."

Nilimwachia jembe, nikaingia ndani. Masanja alikuwa anapita mchana ule na lori lake kwenda Bukoba, na posta angeifikia kabla haijafungwa. Nilitafuta kalamu, nikakaa kwenye mkeka, nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, herufi kubwa na taratibu, ili Mwalimu asipate kosa la kusahihisha: Koku, gamba limekwisha. Mfuko upo. Nimeuona mimi kwanza.